Habu ya Baiskeli ya Samaki

Shikeni gurudumu kwa juu na mlisukume kushoto na kulia. Msitumie nguvu, vidole vichache vinatosha. Mkihisi kagongo kadogo kwenye vidole, habu, yaani kitovu cha gurudumu, imelegea. Halafu linyanyueni lizunguke polepole, na mkono mwingine uwe umegusa fremu. Mkihisi kama kuna mchanga unaosagwa ndani, habu imebanwa mno, au gololi zimechoka. Kati ya hali hizo mbili kuna nafasi ndogo sana, na mimi nimeishi ndani ya nafasi hiyo karibu miaka yangu yote ya kazi.

Naitwa Otmari. Nilikuwa fundi baiskeli Mlabani, kwenye baraza la duka la vitambaa, hapa Ifakara. Nimeacha kazi kwa sababu macho yangu hayaoni tena gololi ikidondoka, ingawa masikio bado yanajua imekimbilia wapi. Nawaandikia ninyi vijana mlioingia kwenye ufundi, hata nyie wa pikipiki, maana najua wapo kati yenu wenye ugonjwa niliokuwa nao mimi. Ugonjwa wenyewe ni kutoamini kwamba kazi imekwisha.

Sikufundishwa na mtu. Baiskeli ya kwanza kuifungua ilikuwa ya baba, siku aliyokuwa Katindiuka kwenye shamba la mpunga. Nilitaka tu nione kinachozunguka ni nini. Nilipovuta ekseli, ule mhimili wa katikati, gololi zikamwagika mchangani kama mbegu. Nilizitafuta kwa sumaku niliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu, na hiyo ni njia nzuri mpaka leo, ila mzifute vizuri baadaye kwa sababu sumaku huokota na vumbi la chuma. Nilirudisha kila kitu, nikakaza, gurudumu likazunguka. Kisha nikaona gololi moja imebaki kiganjani.

Kwa majuma mengi baba alipopanda baiskeli ile nilisimama mlangoni nikilitazama gurudumu badala ya kumtazama uso. Akaniuliza, "Una nini wewe na tairi langu?" Nikasema hamna kitu. Ilinichukua muda mrefu kujua kwamba safu ya gololi haitakiwi kujazwa mpaka zisukumane; lazima ibaki nafasi kidogo ya kupumulia. Inawezekana nilikuwa nimeitengeneza vizuri zaidi ya ilivyokuwa. Sikulijua hilo, na hofu ile ikanikaa mwilini. Nikaanza kazi nayo.

Miaka ya tisini mji huu ulitembea kwa baiskeli. Mpunga ulitoka mashambani kwa baiskeli, mgonjwa alikwenda hospitali kwa baiskeli, bibi harusi alipelekwa kwa baiskeli iliyofungwa maua. Nyingi zilikuwa zile nyeusi nzito za Kichina, chuma kitupu, na habu zake zina kitundu cha kutilia mafuta. Mtu alitia mafuta yoyote: ya mashine, ya taa, nimewahi kufungua habu ikanukia maandazi. Baiskeli zile zilisamehe. Ukikaza kidogo kupita kiasi, mzigo wa mpunga na barabara yetu vinaisaga mpaka inakubali.

Mimi sikujua kusamehe. Nilifungua, nikafuta kila gololi kwa kitambaa, nikaikagua juani, nikapaka grisi, nikafunga, nikazungusha, nikafungua tena. Mteja akishaondoka, nikimsikia anavyokwenda barabarani, nilitoka barazani nikimkimbilia: "Simama kidogo! Hebu zungusha tena nisikie!" Watu wakanibandika jina la Fundi Hebu. Watoto wa shule walilitaja nikipita. Nilijifanya nacheka.

Kwenye baraza la pili alikuwapo fundi Shabani, na yeye alikuwa kinyume changu kwa kila kitu. Alifunga habu huku amelibana gurudumu kwa magoti na anasimulia mpira. Alikuwa na kanuni yake: "Ikilia, mwenyewe atarudi. Isipolia, Mungu ampe safari njema." Wateja walimpenda kwa sababu walitoka pale wakiwa bado na siku yao.

"Otmari," alikuwa akiniita kutoka kwake, "hiyo baiskeli unaitengeneza au unaifanyia maombi?"

"Najitahidi isirudi."

"Sasa isiporudi utakula nini?"

Nikaendelea kufuta gololi. Nilikuwa kijana bado, na nilidhani Shabani hajali kazi. Kuna kitu alikijua mikononi ambacho mimi nilikitafuta kwa macho, lakini nitafika huko.

Kabla sijafika, niwaambie kuhusu spana. Koni ya habu, yaani kile kipande kinachokanyaga gololi, imekaa ndani karibu na mwili wa habu, na spana ya kawaida ni nene mno kuingia pale. Wengi walipiga koni kwa bisibisi na nyundo ili izunguke, na ndiyo maana koni nyingi mtakazokutana nazo zimeng'atwang'atwa kama mihogo iliyopitiwa na panya. Mimi nilichukua spana, nikakaa kwenye jiwe la kusagia la fundi wa kuchomelea nikaisaga mpaka ikawa nyembamba kama kisu cha mezani. Ilikuwa na uzuri mmoja zaidi: huwezi kuitumia kwa nguvu nyingi, inapinda. Kwa mtu kama mimi, kifaa kinachokataa nguvu kilikuwa mwalimu.

Sasa nije kwa Generoza.

Alikuwa mwanamke aliyenizidi umri kidogo, mzaliwa wa upande wa Malinyi, amehamia Ifakara na watoto wake. Alfajiri alikwenda kivukoni, kule mtoni, akanunua samaki kwa wavuvi waliovua usiku, perege na kambale, akawaleta mjini. Wafanyabiashara wengine wa samaki walikuwa wanaume wenye baiskeli nzito. Yeye alifika barazani kwangu Jumamosi moja akisukuma kitu ambacho mji mzima uligeuka kukitazama: baiskeli ya mbio, nyembamba, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume, matairi membamba kama mpira wa kumwagilia bustani. Aliinunua kwa Mzungu aliyekuwa anaondoka. Nyuma alikuwa amechomelewa keria ya nondo, na juu ya keria limefungwa tenga la samaki.

Shabani aliacha kazi akaja kusimama.

"Dada, umemtwisha swala kuni."

"Swala anakimbia," Generoza akajibu. "Hao ng'ombe wenu weusi wakikwama kwenye matope nani anawanyanyua? Mimi hii nainyanyua na mzigo wake."

"Na ikivunjika?"

"Ndiyo maana nimekuja kwa fundi, sijaja kwako."

Shabani alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, nilikuwa nimeshalishika gurudumu la nyuma. Lilicheza. Ukilisukuma, linagonga breki za upande huu, kisha za upande ule.

Akanieleza lililokuwa mbele yake. Shule moja ya bweni, sitaitaja, ilikuwa inatafuta mtu mmoja wa kuipelekea samaki wabichi siku zote za masomo. Mpishi mkuu alikuwa amemwambia amjaribu kuanzia Jumatatu. Samaki wafike jikoni kabla wanafunzi hawajaingia darasani, na wawe bado wagumu wakibonyezwa. Wanaume wawili wa kivukoni walikuwa wanaitaka nafasi hiyohiyo, na walishamwambia mpishi kwamba mwanamke mwenye baiskeli ya maonyesho hatamaliza wiki.

"Nikiipata hii," akasema, "siketi tena sokoni na samaki wanaolegea nikimbembeleza kila anayepita. Jua likiwaka samaki hawaningojei, fundi. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Na kwa kuwa nilimwelewa, hofu yangu ikaongezeka mara dufu, na hofu ikiongezeka mkono wangu ulikuwa unakaza.

Habu yake sikuwahi kuona mfano wake. Pembeni hapakuwa na nati za kufungia gurudumu kwenye fremu. Ekseli ilikuwa na tundu katikati, na ndani ya tundu ulipita msumari mrefu mwembamba wenye kimkono mwishoni. Ukikigeuza kimkono kile, gurudumu linabanwa kwenye fremu; ukikirudisha, linatoka bila spana. Nilikichezea kama mtoto, nikakiona ni kitu cha kurahisisha tu, nikakiweka kando. Huko ndiko nilikopotelea.

Nilitoa gurudumu, nikalilaza kwenye meza, nikafungua upande usio na cheni. Gololi zilikuwa nzima, grisi imekauka tu. Nikasafisha, nikapaka grisi mpya, nikarudisha koni. Utaratibu mnaujua: koni unaikaza kwa vidole mpaka iguse gololi, unairudisha nyuma kidogo sana, halafu unaishikilia kwa spana nyembamba isizunguke wakati unakaza nati ya juu yake. Nati ile ya juu husukuma koni mbele kidogo unapoikaza, kwa hiyo lazima uikadirie mapema. Nilirudia mchana kutwa. Mwishoni ekseli ilizunguka kati ya vidole vyangu kama imelala kwenye siagi, na haikucheza hata chembe. Sijawahi kufunga habu nzuri kama ile. Nilitaka kumwita Shabani aishike, nikaona aibu.

Jumatatu mchana Generoza alirudi na kanga imeloa jasho.

"Nimefika, lakini leo nimesukuma ukuta toka kivukoni."

"Haiwezekani."

"Panda wewe basi."

Nilipanda. Ilikuwa nzito kweli. Nikalitoa gurudumu, nikazungusha ekseli kwa vidole: siagi tupu. Nikalirudisha kwenye fremu: likasaga. Nikalaumu cheni, nikalaumu breki, nikaona nilegeze habu kwa kukisia. Nikalegeza mno. Jumanne likawa linayumba, breki zikasugua rimu njia nzima, akafika mtu akiwa ameshaanza kupiga kengele. Nikakaza tena. Najua mnanicheka. Ningekuwa barazani kwa Shabani ningejicheka pia.

Jumatano ndiyo siku iliyoniuma. Alifika amechelewa, jikoni wakawabonyeza samaki wake, wengine vidole vikazama. Mpishi akampokea nusu. Alikuja kwangu akisukuma, hakupanda.

"Amesema kesho ndiyo mwisho," akasema. "Nikichelewa anajua wa kumpa. Na amewataja."

Aliliweka tenga tupu chini akakaa juu yake. Nikafungua habu. Badala ya grisi niliyopaka ikatoka kitu cha kijivu, chepesi, kama uji uliotiwa maziwa.

"Umeivusha mtoni?"

"Nivuke kwenda wapi? Wavuvi ndio wanaioshaga."

Hapo nikajua jambo ambalo wote wa kivukoni walilijua ila mimi. Mteja akifika kununua, watu wa mtumbwi huchukua baiskeli yake wakaisukuma majini mpaka habu zizame, wakaisugua tope lote, ndipo wapakie samaki wao. Ni heshima. Mvuvi hapakii samaki wake juu ya uchafu, na mteja anayekataa kuoshewa baiskeli anaonekana anaringa. Zile nyeusi nzito ziliogeshwa hivyo kila siku na kutiwa mafuta kila siku kupitia kitundu chao, hazikudhurika. Ya Generoza haikuwa na kitundu. Ilifika mtoni na habu yake ya moto kwa kubanwa, ikazamishwa kwenye maji baridi, ikayanywa.

"Lakini kwa nini iwe ya moto?" nilijiuliza kwa sauti. "Nikiizungusha hapa haina kosa."

Generoza alikuwa akinitazama kwa jicho la mtu aliyechoka kuwa na adabu.

"Fundi, nikuambie kitu ninachokiona?"

"Sema, dada."

"Ukilishika mkononi, gurudumu linacheka. Ukilifunga kwenye baiskeli, linanuna. Siku zote hizi. Sasa wewe unalitengeneza likiwa linacheka. Mimi sijawahi kulipanda likiwa linacheka."

Niliweka spana chini. Nikaokota kile kimkono nilichokidharau. Nikatafuta nati kubwa mbovu kwenye kopo, nikazivalisha mwishoni mwa ekseli, huku na huku, zikae mahali pa fremu. Nikapitisha msumari, nikakigeuza kimkono, nikabana gurudumu likiwa mezani. Nikalizungusha. Likasaga! Nikakirudisha kimkono: siagi. Nikabana: mchanga.

Vijana, ekseli ile ni bomba. Kimkono kinapobana, kinaiminya kutoka pande zote mbili, na bomba linajifupisha kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Koni mbili zinasogeleana. Habu niliyoifunga bila nafasi hata chembe ilikuwa haina mahali pa kuminyiwa. Kumbe ilitakiwa itoke mezani kwangu ikiwa inacheza kidogo, na ule mchezo umezwe na kimkono. Kwenye baiskeli nilizojifunzia hapakuwa na kitu cha namna hiyo, nami nilikuwa nimefanya kile nilichokijua, kwa uangalifu mkubwa, mara tatu.

Hapo Shabani alikuwa ameshasogea, kalala na kiwiko juu ya meza yangu.

"Hata sisi hatuifungii hewani," akasema, bila dhihaka. "Mimi gurudumu nalifungia kwenye fremu, kwenye uzito wake. Ulidhani nabana kwa magoti kwa uvivu?"

Ndiyo, nilidhani hivyo.

Bado kulikuwa na tatizo lingine. Siku tatu za kubanwa na maji zilikuwa zimeichubua koni ya upande ule. Ukipitisha ukucha, unahisi vishimo. Koni ya namna ile haikuwapo Ifakara nzima. Za Kichina hazikuingia, nilijaribu. Kuagiza Dar es Salaam kwa mtu wa treni kungechukua siku, na alfajiri ilikuwa inakuja.

Niliigeuza koni ile mkononi nikaiangalia, na uangalifu wangu, uliokuwa umenifanya kichekesho, safari hii ukanisaidia. Vishimo vilikuwa upande mmoja tu. Upande wa pili ulikuwa laini. Nikakaa nikafikiri. Habu inazunguka, gololi zinazunguka, lakini koni imefungwa kwenye ekseli na ekseli imebanwa kwenye fremu, haizunguki. Mzigo wote wa samaki na wa Generoza unakanyaga sehemu ileile ya koni, ya chini, kila siku. Basi sehemu ya juu ilikuwa haijaguswa. Nikigeuza ekseli, vishimo viangalie mbinguni na upande mzima uangalie chini, atapita.

Nilikwaruza alama kwa tupa kwenye ncha ya ekseli.

"Hii alama iangalie juu. Ukilitoa gurudumu kwa sababu yoyote, ukilirudisha, alama juu."

"Alama juu," akarudia.

"Na kivukoni wasiizamishe. Waimwagie maji kwa kata, kwenye matairi tu."

"Wataniona naringa."

"Waambie fundi wako ana kichaa."

"Hilo wanalijua," akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu.

Sasa ikabaki kulifunga. Niliweka gololi mpya, grisi ya kutosha mpaka ikachungulia nje ili izuie vumbi, nikakaza koni, nikairudisha nyuma. Nikabana kimkono juu ya zile nati mbovu, nikapima. Bado zito. Nikafungua, nikalegeza kidogo kuliko upana wa ukucha, nikabana, nikapima. Nilipoona liko sawa likiwa limebanwa, nikakirudisha kimkono, na ekseli ikacheza mkononi mwangu, tik, tik, kama kazi ya fundi mlevi. Mwili wangu wote ulikataa. Mkono wenyewe ulirudi kwenye spana.

"Acha," Shabani akasema.

"Inacheza."

"Hatapanda mkono wako. Acha."

Nikaliweka gurudumu kwenye fremu, alama juu, nikabana. Nikalisukuma kushoto na kulia: kimya. Nikalizungusha, likaenda, likaenda, mpaka uzito wa valvu, pale pa kujazia upepo, ukalivuta likasimama taratibu, likayumba mbele na nyuma kama mtu anayechagua pa kukaa. Gurudumu lililo huru linasimama hivyo. Lisilo huru linakatika ghafla. Sina kipimo kingine cha kuwapa kizuri kuliko hicho.

Kulikuwa bado na jua. Ningeweza kulifungua tena nikasafisha koni upya, nikahakikisha ule upande laini ni laini kweli. Nililitaka hilo kwa roho yangu yote. Generoza alinipokonya baiskeli mikononi, akapanda, akaenda.

Alhamisi asubuhi sikufungua baraza. Nilichukua baiskeli yangu nyeusi nikaenda nje ya mji, njia ya kivukoni, nikasimama pembeni kwenye nyasi. Sikuwa na la kufanya pale. Kama habu ingekuwa imekufa, nisingeweza kuifufua barabarani. Nilikwenda kwa sababu sikuweza kukaa.

Nilimwona kwa mbali kabla sijamsikia. Ameinama juu ya zile pembe za kondoo, tenga nyuma limefunikwa gunia linalodondosha maji, watu wanampisha. Nilinyoosha mkono, kwa kweli nilishaunyoosha, nimsimamishe nilishike gurudumu mara moja tu.

"Usithubutu!" akapiga kelele bila kupunguza mwendo.

Nikaushusha mkono. Alipita, na nikasikia cheni, nikasikia maji yakidondoka, nikasikia upepo wa matairi. Habu sikuisikia kabisa.

Nilipanda kumfuata nikaachwa. Niliendesha mpaka mapafu yakauma. Jamaa mmoja aliyebeba mkaa akanipigia kelele, "Fundi Hebu, umekimbiwa na kitoweo?" Nilipofika nyuma ya ile shule, jikoni, hata kengele haikuwa imelia. Wasichana kwa wavulana walikuwa bado wanaosha vyombo vyao kwenye bomba. Baiskeli ya mbio imeegemezwa ukutani, na mpishi mkuu, mama mnene mwenye sauti ya mwalimu wa zamu, ameinama juu ya tenga. Anainua samaki mmoja mmoja. Anafunua mashavu, anatazama wekundu. Anabonyeza ubavu, anasubiri nyama irudi. Generoza kasimama na mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

Nilisalimia kwa sauti ndogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuinua macho. Akamaliza samaki wote, akanawa mikono, akajifuta kwenye aproni. Kisha akamwambia Generoza, "Kesho niletee na kambale, wakubwa. Jumatatu ijayo hivyohivyo. Wale jamaa wa kivukoni uwaambie mwenyewe, mimi sina muda."

Generoza akaitikia kwa kichwa, kisha akaitikia tena.

Ndipo mpishi akaniona vizuri, nimelowa jasho, na grisi mpaka kwenye viwiko, macho yangu yameganda ukutani kwenye baiskeli.

"Na huyu ni nani? Naye kaleta nini?"

"Huyu?" Generoza akageuka kunitazama. "Huyu ndiye gurudumu la nyuma."

Yule mama hakuelewa, na hakuuliza. Alichukua kikombe cha bati, akachota uji kwenye sufuria la shule, akanipa, akanionyesha gogo la kukalia. Gogo lilikuwa karibu na baiskeli, habu iko usawa wa magoti yangu, imetapakaa vumbi, ile alama ya tupa iko juu. Nilikunywa uji wote kwa mikono miwili, na sikuishika.